Tupeane uzoefu: Ulijiwazia ukoje ukishapungua mwili, na ulipopungua ikawaje?

Mleta mada:
Habari zenu wakuu. Nimekuwa na mwili mkubwa tangu utotoni. Sasa nimeanza kupungua, ingawa kilo zilizobaki ni nyingi kuliko zilizotoka. Kila usiku kabla ya usingizi najichora kichwani: shingo inaonekana, shati nimelichomekea, nimekaa kwenye basi nimekunja nne na jirani yangu ana nafasi yake yote. Picha hiyo inanitia nguvu sana. Ila naona ni picha ya mavazi na viti tu. Ndani ya shati kutakuwaje? Watu watanichukuliaje? Mliokwisha kupungua, na mnaoota kama mimi, karibuni. Naomba tusipeane dawa wala mbinu za kupungua, hiyo ni mada nyingine.

Mchangiaji wa kwanza:
Kaka, mimi nimeshapungua, na nitakwambia kweli tupu. Nilijiwazia tumbo bapa. Nilidhani nyama uzembe zikiondoka basi yamekwisha. Nikiinama kufunga kamba za viatu, ngozi inajikusanya mbele. Nikilala ubavu, nayo inalala kando yangu. Chini ya mikono na ndani ya mapaja ni hivyo hivyo. Ngozi ikivutwa miaka mingi, nyuzi zinazoifanya inywee huchoka, na kadiri umri unavyosogea ndivyo inavyogoma kurudi. Mafuta ya kupaka hayakunisaidia chochote. Mazoezi ya kunyanyua uzito yalijaza mikono kidogo, tumbo likabaki vile vile. Nikioga nakausha vizuri kwenye mkunjo, maana unyevu ukibaki panachubuka na fangasi wanaingia. Upasuaji wa kuondoa ngozi upo, lakini kwa kawaida hutakiwa uzito uwe umetulia angalau miezi 6, na kovu lake ni refu. Bado natafakari.

Sikukatishi tamaa hata kidogo. Magoti yangu yamenyamaza! Kila kilo 1 inayotoka hulipunguzia goti mzigo wa karibu kilo 4 kwa kila hatua. Sasa napanda ngazi huku naongea na simu. Hilo sikuwahi kuliota, kwa sababu sikujua kama kuna watu wanapanda ngazi huku wanaongea.

Mchangiaji wa pili:
Kwangu mimi kichwa ndicho kilichochelewa. Mwili umepungua, lakini kwenye uchochoro bado napita ubavu ubavu. Nikienda kununua nguo, mkono unakwenda wenyewe kwenye saizi za zamani. Siku moja tulipiga picha ya pamoja kazini, nikaitazama nikijitafuta, sijioni. Jicho lilikuwa limemruka mtu aliyevaa shati langu. Iliniuma kuliko nilivyotarajia, kama vile nimepotelewa na mtu.

Mchangiaji wa tatu:
Baridi! Hakuna aliyenitahadharisha. Halafu benchi la mbao: nikikaa nasikia mfupa. Pete inachomoka, viatu vinapwaya. Nilipungua kwa kasi, na miezi michache baadaye nywele zikapukutika hadi nikaogopa. Zimerudi zenyewe.

Mchangiaji wa nne:
Kwangu mimi kilichonishangaza ni watu. Nilijiwazia pongezi, nikapokelewa na "umekonda, unaumwa?" Wengine walionipita miaka yote bila salamu, sasa wananifungulia mlango. Nawaitikia vizuri, lakini rohoni nina hasira. Mimi ni yule yule, na heshima hii nilistahili tangu zamani.

Jambo jingine, kwa wanaotumia dawa za presha au sukari: uzito ukishuka, kipimo cha dawa kinaweza kuwa kikubwa kuliko mahitaji. Mimi nilianza kuona kizunguzungu kila nikisimama. Daktari akapima, akapunguza. Msipunguze wenyewe, nendeni mkapimwe.

Mchangiaji wa tano:
Sijafika, na huenda nisifike kule nilikokuwa naota. Mwili ukipungua sana unadai ulichopoteza: njaa inaongezeka, na nguvu unazotumia kwa siku zinapungua. Nilipolielewa hilo niliacha kujiona mvivu. Nimepoteza kama sehemu 1 ya 10 ya uzito wangu. Kwenye kioo huoni tofauti kubwa, lakini presha imeshuka na nyumbani wanasema sikoromi tena. Picha ninayojichora siku hizi ni ya kuamka asubuhi nikiwa nimelala kweli.

Mleta mada:
Asanteni sana, nimesoma kila neno mara mbili. Wa nne, pole kwa hasira hiyo, naielewa. Dada wa kwanza, naomba nikuulize: mazoezi ya uzito ulianza mwili ukiwa bado mkubwa, au ulisubiri upungue?

Mchangiaji wa kwanza:
Anza sasa kaka, usisubiri. Mafuta yakitoka, misuli nayo inatoka, na ukiingoja siku ya mwisho utakuta umeshaipoteza. Nilianza kwa kuinuka kitini bila kushika popote. Vyuma vilikuja baadaye, vyepesi kabisa.