Baiskeli mpya ya bei ya chini kabisa: inafaa kununuliwa?

NgojaNipite
Wakuu, habari zenu. Nimechoka kusubiri basi. Kazini kwangu ni kilomita saba hivi, lami tupu, na kilima kimoja kinachokata pumzi. Pesa niliyonayo inatosha baiskeli mpya ya bei ya chini kuliko zote dukani: gia 21, shokapu mbele na nyuma, breki za diski, rangi inang'aa. Jamaa yangu ameniambia hilo ni pambo la ukutani, nitafute mtumba. Mtumba nauogopa, sijui kukagua. Ninunue au niache?

GololiTisa
Acha. Nimeshika spana miaka mingi, nakueleza zinapoharibikia.

Kiwanda kinaanza na bei, halafu kinaigawa kwa vipuri. Vipuri vikiwa vingi, fungu la kila kimoja linakuwa dogo. Shokapu mbili, diski mbili, gia tatu mbele na saba nyuma, vyote kwa bei ya chini kabisa: beringi, ekseli na spoki zimelipiwa na nini? Angalia gurudumu la nyuma. Baiskeli hizi zina friwili, yaani fungu la meno ya nyuma yanayovutwa na mnyororo, iliyofungwa kwa uzi kama wa bolti juu ya habu, kitovu cha gurudumu. Friwili ya gia saba ni pana, kwa hiyo gololi za kulia zinakaa ndani sana, mbali na fremu, na kipande kirefu cha ekseli kinabaki bila kitu cha kukishika. Weka mtu mzito, weka mashimo, weka ekseli laini. Inapinda kwanza, kisha inakatika. Shimano walileta frihabu, habu yenye friwili ndani yake, mwishoni mwa miaka ya 1970, gololi zikasogezwa karibu na fremu na tabu hiyo ikapungua sana. Za bei ya chini bado ziko kule kule.

Na hiyo shokapu ya nyuma kwenye lami haina kazi. Baiskeli inafika kilo 17 au 18, na kila ukikanyaga kwenye kilima chako springi inabonyea na kula nguvu yako.

MwendoMdundo
Mtu amesema ana pesa ya hiyo tu, wewe unampa historia ya frihabu. Atapanda frihabu kwenda kazini?

Halafu tuseme ukweli. Baiskeli nyingi mpya haziuawi na kiwanda, zinauawa na fundi wa kwanza kuzigusa. Koni zinazobana gololi za gurudumu hawajui kukaza, kranki (mikono inayoshika pedali) wanapigilia kwa nyundo, ukirudi wanakwambia "kipuri feki". Ndugu, nunua, nunua na spana, jifunze.

GololiTisa
Nani anapigilia kranki kwa nyundo? Taja unachokijua. Baiskeli hizi zinatoka kwenye boksi habu zikiwa kavu, grisi kidogo kama ya kupaka midomo, koni zimebanwa mpaka gurudumu halizunguki sawasawa. Muuzaji anafunga usukani na pedali, anajaza upepo, anauza. Mwenyewe anapanda wiki chache, gololi zinakwanguka, ndipo ananiletea mimi. Nikifungua naambiwa nimeiharibu. Nimekuwa nikisikia maneno haya tangu nikiwa mwanafunzi wa fundi na yananiuma, kwa sababu saa nzima ya kunyoosha rimu hakuna anayetaka kuilipia.

Kivuli_cha_Mwembe
Mzee Gololi usikasirike, lakini MwendoMdundo hajakosea kote. Mimi fundi aliniharibia uzi wa mkono wa kranki, upande wa kushoto. Nilipeleka abadilishe pedali, nikarudishiwa mkono umelika na pedali inachomoka.

GololiTisa
Alikuwa fundi au kijana aliyeazima spana? Pedali ya kushoto uzi wake uko kinyume. Anayejua hilo hawezi kuila. Anayeikula haijui kazi.

MwendoMdundo
Basi si unaona? Amempelekea fundi. Kwenye kibanda cha fundi. Sasa unasema huyo si fundi. Kila anayeharibu anakuwa "si fundi".

Spoki36
Hivi kwa nini uzi wa kushoto uko kinyume? Niliwahi kusoma ni kwa sababu ya nguvu ya mguu kuifungua.

GololiTisa
Karibu. Uzito wa mguu unazunguka ndani ya tundu kadiri kranki inavyozunguka, na kidogo kidogo unaviringisha mhimili wa pedali kwenda upande wa pili. Kulia uzi wa kawaida unajikaza, kushoto uzi wa kawaida ungejifungua. Ndiyo maana wa kushoto umegeuzwa. Kipuri cha bei ya chini kabisa kinafuata sheria hiyo hiyo, kwa hiyo usilaumu baiskeli.

MamaWawili
Naomba nami niseme, maana mnabishana kuhusu mafundi na mwenye swali amekaa kimya.

Mimi nilinunua baiskeli ya namna hiyo, mpya, ya bei ya chini kabisa. Watu waliniambia ngoja, weka akiba, nunua nzuri. Hao hao hawakuwa wananilipia nauli. Kila siku niliyongoja, nauli ilikula akiba yenyewe. Ilinifikisha kazini na ilinirudisha. Gia zilisumbua mapema, nikaacha kuzigusa, nikabaki na moja ya katikati. Pedali za plastiki zilipasuka nikaweka za chuma. Nauli niliyookoa ilishailipa baiskeli kabla ya hapo. Kwa hiyo mtu akiniita mjinga kwa kununua "takataka" nakasirika, na nina haki.

Kitu kimoja tu sikukubali: kumpakia mtoto nyuma kabla breki hazijatazamwa na mtu anayezijua.

GololiTisa
Mama, hakuna aliyekuita mjinga. Neno takataka silo langu.

MamaWawili
Umesema "acha" kabla hujamuuliza kama ana njia nyingine. Kwa sisi ni neno lile lile.

Daftari_la_Njia
Watu wanaogopeshana bure. Kuna kiwango cha kimataifa, ISO elfu nne na mia kadhaa, kinachotaka baiskeli ijaribiwe fremu, foku (uma wa mbele), breki. Ingekuwa hatari isingeuzwa.

Spoki36
ISO 4210. Ni kweli kinadai breki mbili zinazojitegemea, moja kila gurudumu, na breki hupimwa zikiwa kavu na zikiwa zimelowa. Lakini kinapima sampuli iliyofungwa vizuri. Hakimfuati muuzaji anayefunga foku kinyumenyume, breki zikatazama nyuma, na hizo zinaonekana madukani waziwazi. Halafu soma kibandiko kwenye fremu ya hizo zenye shokapu mbili: nyingi zimeandikwa zisipelekwe kwenye njia mbovu. Zimeumbwa kwa sura ya mlimani na mtengenezaji mwenyewe anakukataza mlima.

Daftari_la_Njia
Yaani unakubali zimepimwa. Ndicho nilichosema.

Kijana_wa_Mteremko
Mtumba ndio jibu. Kwa pesa ile ile unapata fremu nzuri, habu nzuri, na aliyeitumia amekwishagundua kasoro zake.

MwendoMdundo
Mtumba nusu yake ni mali ya wizi.

Kijana_wa_Mteremko
Naendesha mtumba na nina risiti. Usinitukane. Nusu umehesabu wapi?

MwendoMdundo
Sijakutaja wewe.

Kijana_wa_Mteremko
Umetaja wote tunaonunua mtumba, nami nimo. Anayetaka kuwa salama ainamishe baiskeli, asome namba iliyogongwa chini ya fremu kwenye mhimili wa kranki, aandike namba hiyo kwenye karatasi ya mauziano pamoja na jina la muuzaji. Namba ikiwa imesagwa kwa tupa, ondoka. Ni dakika mbili. Aibu ya kuitwa mnunuzi wa vya wizi ni kubwa kuliko hizo dakika mbili.

Spoki36
Ongeza mnyororo. Chukua rula ndefu, pima pini hadi pini viungo 24. Mnyororo mpya ni milimita 304.8. Ukipita 306 na kitu, umechoka, na kama umechoka sana ujue meno ya nyuma nayo yameliwa, utanunua vyote viwili. Hapo mtumba wa bei nzuri unaanza kuwa ghali.

GololiTisa
Hilo nalikubali kabisa. Na ndicho mnunuzi mgeni asichoweza kukiona. Mtumba bila mtu wa kukusaidia ni bahati nasibu.

MwendoMdundo
Yaani akanunue mtumba kwa msaada wa fundi, au mpya akaipeleke kwa fundi. Barabara zote zinaishia kwako.

GololiTisa
Sasa sikiliza, maana umenichokoza vya kutosha. Nakupa kazi yangu bure, ifanye wewe, useme tena kama nafuata pesa. Baiskeli mpya ikifika nyumbani, kabla ya kupanda: shika gurudumu juu, litikise kushoto na kulia, likicheza koni zimelegea. Linyanyue, lizungushe taratibu, ukisikia linakwaruza koni zimebanwa mno, au ndani hakuna grisi. Finya spoki mbilimbili, kuzunguka gurudumu zima, iliyolegea utaisikia mkononi. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi mchezo pale shingo ya foku inapoingia kwenye fremu, kaza. Vuta kishikio cha breki kwa nguvu zako zote, kikigusa usukani usitoke nayo. Halafu bolti za mikono ya kranki: zikaze siku ya kwanza na uzirudie baada ya safari chache. Mkono wa alumini ukiendeshwa umelegea, tundu lake la pembe nne linakuwa mviringo, na hapo hakuna wa kuokoa. Nyundo haina nafasi popote katika haya.

Kivuli_cha_Mwembe
Haya ndiyo tulitaka tangu mwanzo, mzee.

Spoki36
Na diski za kebo za bei ya chini: nyingi padi moja ndiyo inayosogea, inaisukuma diski ipinde kidogo hadi iguse ya pili. Padi zikiisha usipozisogeza breki inakufa polepole bila wewe kujua. Breki za rimu za kawaida, kwa rimu ya alumini, ni rahisi kuzisoma kwa macho. Rimu ya chuma yenye kromu iogope, ikilowa inateleza vibaya.

NgojaNipite
Wakuu, nimesoma yote. Nimerudi dukani. Kwa bei ile ile kabisa kuna nyingine, nyeusi, gia moja, fremu ya chuma, haina shokapu, breki za rimu, rimu za alumini. Muuzaji anaona aibu hata kunionyesha. Mama, nitakuwa kama wewe uliyebaki na gia moja, ila mimi sitalipia zile 20 nyingine. Shida ni kilima. Nitaweza?

MwendoMdundo
Chukua hiyo. Hapo hata fundi hana cha kula.

GololiTisa
Chukua hiyo, na MwendoMdundo aendelee kusema anachotaka. Hesabu meno mbele na nyuma. Nyingi za magurudumu ya inchi 26 huwa na 44 mbele na 18 nyuma. Mzunguko wa tairi ni kama mita 2.07, kwa hiyo mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mita tano na kidogo. Kwa lami tambarare ni sawa. Kwa kilima kinachokata pumzi ni nzito. Badilisha friwili tu, weka ya 22: mzunguko mmoja unakuwa mita nne na kidogo. Mnyororo unaweza kuhitaji viungo viwili zaidi. Friwili ya gia moja ni kipuri cha bei ndogo, na kwa kuwa ni nyembamba, gololi za kulia hazisukumwi ndani kama kwenye ile ya gia saba.

MamaWawili
Utapoteza mwendo kwenye tambarare, mdogo wangu, usishangae miguu ikizunguka haraka. Utazoea. Lakini ile friwili ya 22 uipate kabla ya kuanza kwenda nayo kazini, usianze na 18 ukachukia baiskeli wiki ya kwanza.

NgojaNipite
Naenda kuhesabu meno kesho. Mzee Gololi, ile friwili ya zamani inatolewa kwa spana gani?

GololiTisa
Geuza gurudumu, angalia katikati ya friwili kuna vikato vingapi, viwili au vinne, uniambie. Kila aina ina kifunguzi chake, na ukilazimisha kwa kisicho chake utavila vikato, utashindwa kuitoa kabisa.

MwendoMdundo
Nami niambie, nina ya vikato vinne.