MJADALA: Je, chekechea zetu Dodoma ziondoe televisheni?

Mleta mada, Ilazo:
Wadau, habari zenu. Kwenye kikao cha wazazi cha chekechea moja hapa mjini limezuka pendekezo kwamba televisheni itolewe darasani, na nyumbani nako tukubaliane kuzima katuni kwa watoto wote walio chini ya miaka mitano, maana "zinawaharibu". Wengine wakaja juu: mtoto asiyeona katuni ataachwa nyuma na wenzake. Tumetawanyika bila muafaka, ndiyo maana naileta hoja hapa.

Naanza na msimamo wangu. Tunagombana kuhusu vipindi huku hatuulizi mtoto ana umri gani na amekaa na nani.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ndiyo bora. Kikaoni mtu alisema huo ni ushauri wa Wazungu. Lakini sababu yake inamhusu mtoto yeyote. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake, huko Seattle, walichukua watoto wa Kimarekani wa miezi tisa. Wengine walikaa na mtu aliyecheza nao na kuwasomea kwa Kichina. Wengine wakaoneshwa mambo yaleyale kwenye televisheni. Waliokaa na mtu walianza kutofautisha sauti za Kichina. Waliotazama hawakuambulia kitu. Mtoto wa umri ule anajifunza kwa uso unaomjibu. Anabwabwaja, unamjibu, anajaribu tena. Televisheni haimsubiri.

Sasa tuangalie nyumba zetu. Tangu Serikali ihamie huku, Kisasa, Iyumbu na Nzuguni kumejaa familia changa: baba yuko kazini Mtumba kwenye ofisi za Serikali, mama naye yuko Mtumba, bibi yuko Mbeya au Bukoba. Mtoto anabaki na dada wa kazi, naye ni binti mdogo mwenye kufua, kupika, kudeki na kukinga maji siku yakitoka. Asubuhi televisheni inawashwa ili mtoto atulie, inazimwa wazazi wakirudi, au haizimwi kabisa. Simlaumu yule dada hata kidogo, amebebeshwa kazi za watu wawili. Ila tafiti zimeonesha kwamba televisheni ikiwa inaongea tu chumbani, hata pasipo anayeitazama, mtu mzima anaongea machache na mtoto, na mtoto naye anakatishwa mchezo wake kila mara. Siku nzima namna hiyo, miezi kwa miezi, ni maneno mengi sana ambayo mtoto hakuambiwa. Hili ndilo linaloniuma kuliko katuni yenyewe.

Mzazi, Nkuhungu:
Dada yangu, nakuheshimu lakini hapa tutapishana. Mimi ni bodaboda, mke wangu anauza mboga soko la Sabasaba, tunatoka alfajiri. Mtoto wetu wa miaka minne amejua kuhesabu mpaka ishirini kabla hajavaa sare, kafundishwa na Akili and Me. Kile kipindi kimetengenezwa na Watanzania wenyewe, kinaongea Kiswahili chetu. Nacho tukizime? Mbona hamwendi kuzima vile vibanda umiza ambako watoto wanaangalia filamu za kuuana hadi usiku?

Mzee, mtaa wa Kikuyu:
Hilo la vibanda umiza msiliruke. Mwaka 1963 Albert Bandura na wenzake huko Marekani waliwaonesha watoto filamu ya mtu mzima akimpiga mwanasesere. Watoto walipoachwa na mwanasesere kama yule, wakamshambulia vilevile, hadi kwa maneno yaleyale waliyoyasikia. Mtoto haambiwi "usiige" akaelewa.

Mwalimu wa awali, Chamwino:
Shikamooni wakubwa. Nawasoma na kushangaa kidogo, mnabishania kuzima kitu ambacho wanafunzi wangu wengi wamekiona dukani tu. Nyumbani wanaongea Kigogo, Kiswahili wanakikuta kwangu. Darasa limejaa, mwalimu ni mimi peke yangu, vitabu vinagombaniwa. Ningepata kipindi kizuri cha nusu saa nikakisimamisha hapa na pale, nikawauliza "huyu kafanya nini? sasa itakuwaje?", kingenisaidia mno.

Lakini msidhani watoto hawa wanakuja watupu. Wanajua vitendawili vya bibi, wanajua mapigo ya ngoma, wanajua mbuzi yupi ni mama wa yupi. Kuna wanaohamia kwangu kutoka mjini wakiwa na rangi zote kwa Kiingereza, ila nikimwuliza mtoto "jana mlifanya nini?" sentensi haitoki. Kwa hiyo nakubaliana na mleta mada kwenye hilo la maneno.

Mleta mada, Ilazo:
Marhaba mwalimu, na ahsante. Wewe umesema kilichonishinda kukisema kikaoni: kipindi kinasimamishwa, mtoto anaulizwa.

Kaka wa Nkuhungu, kwa mtoto wa miaka minne sikupingi. Utafiti wa Morogoro uliochapishwa mwaka 2018, wa Dina Borzekowski, ulihusisha watoto zaidi ya 500 wa shule za awali. Waliotazama Akili and Me kwa wiki chache waliwapita wenzao waliooneshwa vipindi vingine, katika kuhesabu, kutambua namba na kutambua maumbo. Ndiyo maana pendekezo la kuitoa televisheni darasani nitalipigia kura ya hapana.

Ila vipindi havilingani. Mwaka 2011 Angeline Lillard na Jennifer Peterson walipima watoto wa miaka minne baada ya dakika 9 tu za katuni yenye picha zinazokimbiakimbia. Walishindwa kutulia na kufuata maelekezo kuliko wenzao waliokuwa wakichora. Athari hiyo ilipimwa palepale, sitaki kuikuza zaidi ya hapo, lakini chekechea inayoweka katuni za aina hiyo kabla ya somo inajitafutia kazi.

Na jambo la kudai tunalo. Desemba 2021, hapahapa Dodoma, Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa watoto hadi miaka 8. Basi tuanze kuuliza vituo vya kulelea watoto mchana viko wapi karibu na Mtumba, na karibu na masoko pia, kwa bei ambayo mama wa Sabasaba anaiweza. Kaka, mtoto wako wa miaka minne ana mdogo wake?

Mzazi, Nkuhungu:
Yupo, mwaka na nusu. Wanaangalia pamoja. Shemeji yangu ndiye anayebaki nao, na akizima huyu mdogo analia, ugali hausongwi. Hicho kituo cha Serikali sijui kitajengwa lini. Niambie kesho saa nne asubuhi afanye nini.

Mleta mada, Ilazo:
Mkubwa abaki na kipindi chake kimoja, kikiisha izimwe. Mdogo shemeji amkalishe kwenye mkeka karibu naye, mbali na moto, ampe sufuria tupu na mwiko. Akichambua mboga amwambie anachambua mboga. Akimwaga maji amwambie. Shemeji ni mtu wa wapi?

Mzazi, Nkuhungu:
Kondoa. Kiswahili anajua, ila Kirangi ndicho kimemkaa.

Mleta mada, Ilazo:
Basi amwongeleshe Kirangi.