Kuzunguka Uingereza peke yangu: treni, basi au gari la kukodi? Naombeni ushauri

BintiPangani
Habari za jioni wadau. Nipo masomoni huku Uingereza, na kabla sijarudi nyumbani nataka kuzunguka nchi hii peke yangu. Rafiki zangu wote wana vibarua, nikisema niwasubiri sitaondoka. Treni naona bei inabadilika kila nikifungua simu. Basi ni nafuu lakini masaa yake ni mengi. Binamu yangu ananisisitiza nikodi gari niwe huru. Nataka kufika Edinburgh, Glasgow, milima ya Uskoti, kule kwenye maziwa ya Cumbria, na nafasi ikiruhusu Wales. Mama ana wasiwasi sana kwamba naenda mwenyewe, na sijawahi kulala hosteli. Nipeni mwongozo, nataka kukata tiketi wiki hii.

Kilimahewa
Karibu dada. Ila mambo ya msingi yote umeyaacha. Unatokea mji gani? Unaondoka mwezi gani? Una siku ngapi na umetenga kiasi gani? Umri? Leseni ni ya wapi, na uliingia Uingereza lini? Bila hayo kila mtu atakupa safari yake yeye.

ReliReading
Mimi sihitaji kujua yote hayo, jibu ni treni. Bei inaruka kwa sababu unatazama tiketi za Advance, ambazo kila treni ina idadi yake kwa kila bei. Za chini zikiisha unapewa za juu. Ukishajua siku yako, kata mapema. Na nunua kwanza Railcard ya miaka 16 hadi 25, ni pauni 35 na inakupunguzia theluthi ya nauli mwaka mzima. Hata kama umevuka miaka 25, mwanafunzi wa kutwa anaruhusiwa kuichukua, chuo kinathibitisha. Kutoka Birmingham New Street hadi Glasgow ni kama masaa manne. Unafika ukiwa mzima, hujalala shingo upande.
Jambo moja tu: Advance inakufunga na treni uliyochagua. Ukiichelewa kwa uzembe wako, tiketi imekufa.

Msafiri_wa_Thika
Hapo mimi sikubaliani. Watu wanadharau basi bure. National Express na FlixBus zinakufikisha kwa nauli ambayo kwenye treni hata nusu ya njia huendi. Tena ukichukua la usiku umeokoa pesa ya malazi. Nimepanda Victoria, London usiku, nikaamkia Glasgow. Dereva yuko, abiria wako karibu karibu, begi kubwa liko chini kwenye buti. Kwa mtu anayesafiri pekee, basi lina macho mengi kuliko behewa tupu la treni saa tano usiku.

FundiMchundo
Wote mnamzungusha dada wa watu. Uskoti bila gari ni kuchungulia dirishani. Sehemu nzuri ziko kati ya vituo: Glencoe, barabara ya kwenda Applecross, Skye yenyewe. Huku wanaendesha kushoto kama nyumbani, hutapata shida. Barabara nyembamba za kule juu zina sehemu za kupishana, unaona gari linakuja unaingia pembeni, mnasalimiana kwa mkono mnaendelea. Na begi lako liko kwenye buti, hakuna wa kuligusa.

BintiPangani
Asanteni. Nijibu: nipo Coventry, nasoma uzamili. Miaka 27. Nataka kuondoka mwisho wa Oktoba niingie Novemba, kama wiki moja na zaidi kidogo. Leseni ninayo, ya Tanzania. Niliingia Septemba mwaka jana.

Kilimahewa
Ndiyo maana niliuliza. Mkazi wa huku anaruhusiwa kutumia leseni ya nje kwa miezi 12 tangu alipoanza kuishi, basi. Ukiingia Septemba mwaka jana, Oktoba hii umeshapita. Tanzania haimo kwenye nchi ambazo leseni zake hubadilishwa moja kwa moja, kwa hiyo inabidi uchukue leseni ya kujifunzia na ufanye mtihani wao. Ukiendesha hivyo hivyo, polisi wanakuhesabu huna leseni na bima inakuwa karatasi tu. Gari litoe kwenye hesabu.

FundiMchundo
Hilo la tarehe sikulijua, nakubali kwa safari hii. Lakini anayesoma uzi huu akiwa ndani ya mwaka wake wa kwanza, ushauri wangu uko palepale.

Salha_Glasgow
Mdogo wangu, mimi ni mtu wa Mombasa, niko Glasgow miaka mingi sasa, kazi yangu ni uuguzi na zamu zangu nyingi ni za usiku. Hawa wanabishana chombo, lakini mwanamke akisafiri peke yake swali la kwanza ni unafika saa ngapi. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma. Ikifika Novemba, huku jua linazama saa kumi na nusu jioni. Ukipanga kama watu wa Julai, utajikuta unatafuta mlango wa watu gizani na mvua juu.

Nikueleze lililonipata. Nilikuwa na usaili wa kazi mji mmoja wa kaskazini mwa England, nikakodi chumba kwenye nyumba ya mtu kupitia programu ya simu. Treni ikachelewa njiani, nikafika karibu saa tano usiku. Nyumba ipo mwisho wa mtaa, mlangoni kuna kile kisanduku cha ufunguo chenye vibonye. Naingiza namba niliyotumiwa, hakifunguki. Taa ya mlangoni inawaka ukisogea, ukitulia inazima, kwa hiyo kila baada ya muda nabaki gizani napunga mkono juu iwake nisome namba tena. Nikampigia mwenye nyumba, hapokei. Kisha ikaja meseji: chumba kile kimepata tatizo, amenihamishia nyumba nyingine, na ndugu yake anakuja kunichukua kwa gari. Anwani ya hiyo nyumba nyingine hakunitajia. Kabla sijamaliza kusoma, gari likasimama ng'ambo ya barabara, mwanamume akashusha kioo akaniita kwa jina langu.

Wallahi sikusogea. Nilimwambia mume wangu yuko njiani, nikashika njia yenye taa nikarudi kituoni. Kituo kishafungwa. Hatua chache mbele kulikuwa na hoteli, nikamweleza dada wa mapokezi, akaniketisha nyuma ya kaunta, akanipa chai, akanitafutia chumba. Nililipa zaidi ya mara tatu ya kile cha kwanza. Pengine yule alikuwa ndugu kweli na ufunguo uliharibika kweli. Sitajua, na sikutaka kujua usiku ule.

Tangu hapo nalala penye mapokezi yenye mtu. Hosteli za YHA upande wa England na Wales, na Hostelling Scotland huku kwetu, zina vyumba vya wanawake watupu. Kabla hujalipa piga simu uulize mapokezi yanafungwa saa ngapi. Na hili basi la usiku la ndugu yetu wa Thika: linakushusha Buchanan, kituo cha mabasi cha Glasgow, alfajiri, nje giza mpaka saa moja imepita, maduka yamefungwa, hosteli haikupi chumba mpaka mchana. Utakaa wapi na begi lako?

Msafiri_wa_Thika
Pole sana dada Salha, hiyo ilikuwa hatari. Lakini tuseme ukweli, treni ndiyo iliyokuchelewesha. Anaweza kuchukua basi la mchana. Wengine mfuko ndio unaamua.

ReliReading
Treni ikichelewa una haki zako. Kampuni nyingi zinarudisha sehemu ya nauli kuanzia dakika 15 za ucheleweshaji. Na treni ya mwisho ikifutwa ukakwama katikati ya safari, wanatakiwa wakufikishe, hata kwa teksi, au wakutafutie malazi. Nenda kwa wafanyakazi wa kituo, kama hawapo bonyeza kile kitufe cha msaada cha jukwaani. Mtu akikusumbua ndani ya behewa, tuma meseji 61016, ni polisi wa reli. Unaandika kimya kimya, huhitaji kuongea mbele yake. Ihifadhi hiyo namba leo.

Kilimahewa
Niongezee la teksi. Zile nyeusi za London na teksi rasmi za miji mingine unaweza kuzisimamisha barabarani. Gari lingine lolote la abiria lazima liwe limeagizwa kwanza. Anayekufuata nje ya kituo akisema "teksi, teksi", mpite. Ukiwa kwenye baa na mtu hakuachi, nyingi zinajua mtu akija kaunta akimuulizia Angela ana maana anataka kutolewa pale salama. Utaratibu huo ulianzia Lincolnshire mwaka 2016.

BintiPangani
Dada Salha nimesoma mpaka mwili umenisisimka. Asante kwa kuniambia. Sasa kwa milima, je, Ben Nevis naweza kupanda mwenyewe? Naona picha watu wamevaa raba tu.

FundiMchundo
Panda dada. Ni mita 1,345. Sisi tuna Kilimanjaro ya mita 5,895, utashindwaje na hicho?

Kilimahewa
Mkuu, huu ushauri sio. Kilimanjaro hupandi bila kiongozi, ni sharti la hifadhi, na wapagazi wako nao. Ben Nevis unaanza karibu na usawa wa bahari, hakuna geti, hakuna wa kukuuliza unakwenda wapi. Kileleni ukungu ukishuka huoni hatua kumi, upande wa kaskazini ni majabali ya kuanguka, na upande wa njia kuna korongo la Five Finger Gully ambalo limeua watu waliopotea wakishuka. Novemba theluji inaweza kuwa juu. Hizo picha za raba ni za Julai.

FundiMchundo
Sijasema aende kwenye theluji. Watu wanapanda kila siku, na mtu mzima ana akili zake.

Salha_Glasgow
Aende na kikundi chenye kiongozi, yako makampuni Fort William, mji ulio chini ya mlima huo. Peke yake anaweza kutembea bonde la Glen Nevis hadi maporomoko ya Steall, akaanza asubuhi na kurudi mapema, nako njia ina mawe ya kuteleza. Na mdogo wangu, andika neno "register" utume 999, ufuate wanachokujibu. Ukishasajiliwa unaweza kuomba msaada kwa meseji pale ambapo mtandao hautoshi kupiga simu. Ukiumia mlimani unaita 999, unaomba polisi, kisha kikosi cha uokoaji wa mlimani. Ni watu wa kujitolea, hawakutozi kitu.

ReliReading
Na asikose ile reli ya Glasgow kwenda Mallaig kupitia Fort William. Daraja la Glenfinnan lina matao 21. Kaa upande wa kushoto ukitoka Glasgow, na Fort William treni ikigeuza uelekeo hamia tena kushoto. Treni ni chache kwa siku, ukiikosa moja umeharibu ratiba nzima. Kwa Cumbria, treni mpaka Windermere, halafu basi namba 555 kwenda Ambleside, Grasmere hadi Keswick. Mabasi ya kawaida ya England nauli ina kikomo cha pauni 3 kwa safari tangu Januari 2025.

Msafiri_wa_Thika
Umeona, hata wewe umefika kwenye basi.

MwalimuUjiji
Samahani kuingilia. Dada akifika Glasgow apande treni ya Blantyre, ni karibu tu. Pale ndipo alipozaliwa David Livingstone mwaka 1813 na nyumba imekuwa makumbusho. Mtu wa kutoka kwetu ana sababu ya kwenda. Chuma na Susi, wasaidizi wake wa safari, walibeba mwili wake kutoka kwa Chitambo, Zambia ya leo, mpaka Bagamoyo, mwaka 1874 ukazikwa Westminster Abbey. Safari ile ni ya wale wawili na wenzao, na majina yao yanastahili kutajwa kila linapotajwa la Livingstone.

Kilimahewa
Mwalimu, nakuunga mkono kuhusu Chuma na Susi. Ila siku zenyewe ni chache na mchana ni mfupi. Mimi ningempeleka York.

MwalimuUjiji
York kuna ukuta na kanisa kubwa. Blantyre kuna historia yetu. Nusu siku haimpotezei kitu.

Salha_Glasgow
Binti, njoo inbox nikupe namba yangu. Ukifika Glasgow usile peke yako siku ya kwanza. Na mama mtumie ratiba yote: jina la hosteli, simu yake, treni ya saa ngapi, na saa utakayompigia kila jioni.

BintiPangani
Nimekutumia dada, ubarikiwe. Railcard nimeshalipia. Bado napima: treni kwenda na basi la mchana kurudi, au treni kote. Wales naona itabidi ingoje. Halafu kuna mwenzangu wa darasani ananishawishi nivuke kwa meli mpaka Belfast, tukutane tupitilize Dublin. Hilo mnalionaje?

Kilimahewa
Belfast ni sehemu ya Uingereza, viza yako inafika. Dublin ni nchi nyingine. Mtanzania anahitaji viza ya Ireland, na mpakani hapo treni haisimami kukuonyesha kwamba umevuka, lakini ukaguzi wa ghafla upo. Usipitilize bila viza.

Msafiri_wa_Thika
Na sisi Wakenya ni hivyo hivyo?

Kilimahewa
Ni hivyo hivyo.