Naomba ushauri: mtoto wa jirani ameiba, twende polisi?

Habari zenu ndugu na dada. Niko Manyatta, Kisumu.

Mtoto wa jirani, miaka 13, amemwibia mwanangu kikokotoo na shilingi 350 za safari ya shule. Pesa ziliishia kwa mandazi na soda. Kikokotoo nilimkuta nacho mimi mwenyewe. Mwanangu alikuwa amechora jina lake nyuma kwa ncha ya bikari. Huyu akajaribu kulikwaruza, zikabaki herufi tatu.

Mama yake nimemwambia, akanijibu "utoto tu huo." Mzee wa Nyumba Kumi akatuita, baba mtu hakutokea. Sasa mume wangu anataka tukapige ripoti, tupewe namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Mimi nasita. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema wa chini ya miaka 12 hana hatia ya jinai, na wa chini ya 14 huchukuliwa hajui jema na baya mpaka mahakama ioneshwe vinginevyo. Tena maji tunachota bomba moja!

Kuna aliyepeleka jambo kama hili kwa afisa wa watoto badala ya polisi? Liliishaje? Na hizo 350, naweza kumdai mzazi kupitia kwa chifu?