Muesli ya nyumbani bila oveni, mlo wa Jumapili saa tano

MamaZawadi_Umoja
Hamjambo humu ndani. Mama mkwe anatoka Nyeri Jumapili hii, na mashemeji wanakuja na watoto wao. Sisi tutakuwa tumetoka misa ya kwanza, kwa hiyo tutakula mara moja tu, saa tano hivi, chai ya asubuhi na chakula cha mchana vikiunganishwa. Viazi vitamu, mayai na mandazi hayanipi wasiwasi. Ninachotaka ni bakuli kubwa la muesli katikati ya meza, yaani oti, njugu na matunda makavu, niliyoichanganya mwenyewe. Ile ya dukani ukigeuza pakiti unaona sukari imeandikwa ya pili baada ya oti, na zabibu zake ni ngumu mpaka Zawadi anazitema moja moja kiganjani mwangu.

Shida zangu ni hizi. Sina oveni, nina meko ya gesi tu. Mama mkwe ana meno ya bandia, hataki kitu cha kutafunatafuna. Zawadi naye asiposikia kitu kikivunjika mdomoni, hali. Na baridi hii ya Julai inalegeza kila ninachoweka kwenye mkebe. Nifanyeje?

BiSalma_SouthC
Mwanangu, muesli haihitaji oveni. Inayookwa na asali na mafuta ni granola. Muesli ilianza ikiwa mbichi. Daktari mmoja wa Uswisi, Maximilian Bircher-Benner, ndiye aliyewalisha wagonjwa wake kule Zürich, yapata mwaka 1900, na kwake tunda ndilo lililokuwa chakula chenyewe: tufaha linakwaruzwa zima na ganda lake, ndimu, maziwa mazito ya kopo, lozi za kusagwa, na oti kijiko kimoja tu kilicholowekwa tangu usiku. Huyo mkweo angekula bila neno.

Basi pima vitu vikavu mara moja, halafu ugawe: sehemu ya bibi uichanganye, ya Zawadi kila kitu kikae peke yake. Oti vikombe vinne, zile pana, si za kuiva dakika moja. Hizo ukiziloweka zinakuwa gundi. Korosho zilizokatwakatwa kikombe kimoja, mbegu za maboga nusu kikombe, nazi kavu iliyokunwa nusu kikombe, ufuta vijiko vitatu. Chokoleti waachie wenyewe wanaoitia.

Ya bibi: Jumamosi usiku chota vikombe viwili vya mchanganyiko, mimina mala (maziwa ya kuganda) vikombe vitatu, tia tende zilizotolewa kokwa na iliki, funika, weka kwenye friji. Asubuhi itakuwa nzito, ilegeze kwa maziwa. Kwaruza tufaha mawili na uyakamulie ndimu papo hapo yasigeuke rangi. Juu weka papai na pasheni. Maembe yaache mpaka msimu wake.

Ya Zawadi: bandika sufuria nzito, moto mdogo. Anza na korosho na mbegu za maboga, zikianza kubadilika rangi tia oti, na usiache kukoroga hata simu ikilia. Nazi na ufuta mwisho kabisa, hivyo huungua upesi. Harufu ikijaa jikoni, ongeza kijiko cha asali na chumvi kidogo sana, geuza, epua. Itandaze kwenye sinia. Isifunikwe ikiwa na joto hata kidogo, maana mvuke ukibaki ndani ya mkebe ndio unaoilegeza, baridi ya Julai unaisingizia tu. Zabibu ziingie ikishapoa. Za kukaangwa ndizo zinazokuwa kokoto.

MuuzaNjugu_Ngara
Bi Salma amemaliza, mimi niongezee upande wa soko. Korosho ukinunua omba uonje moja kabla hajapima. Ikiwa na harufu ya mafuta yaliyokaa, endelea na safari. Makadamia ndiyo mbaya zaidi kwa hilo, nunua kidogo tu na uiweke kwenye friji.

Ukitaka kuchanganya na njugu karanga kupunguza gharama, zichambue kwa mkono kwenye sinia. Zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi, tupa. Kuvu hao huleta aflatoksini, na moto wa jiko hauimalizi sumu hiyo, kwa hiyo usidanganyike kwamba ukikaanga umesafisha. Na usibebe gorogoro nzima, ule mkebe wa kupimia, kwa sababu ya bei.

Nesi_Kasarani
Hao watoto wa mashemeji wana umri gani? Walio chini ya miaka mitano wasipewe korosho nzima wala vipande vikubwa, wanaweza kukabwa. Sagia zao. Na kama kuna ambaye hajafika mwaka mmoja, asali asionjeshwe kabisa.

MamaZawadi_Umoja
Asanteni sana. Mdogo kabisa ana miezi tisa, kwa hiyo asali nitaiweka kwenye kibakuli pembeni, kila mtu ajitilie, na ya kukaanga nitamficha. Korosho za watoto nitazitwanga. Bi Salma, iliki ngapi kwa mala hiyo? Mama mkwe hapendi kitu chenye harufu kali.

BiSalma_SouthC
Punje mbili, utoe maganda. Zitwange na sukari kidogo ndiyo zisagike vizuri. Akiuliza ni nini, mwambie ni tende.

MamaZawadi_Umoja
😂 Sawa mama.