Bol jointi imelegea ndani ya wiki tatu, muuzaji anakataa waranti eti kwa sababu nilifunga mwenyewe

Wakuu, nimeivumilia hasira hii siku nne nikidhani itapoa. Haijapoa.

Nina SUV ya mwaka 1999, dizeli, iliyotengenezwa kwa soko la Japani. Imeshapita kilomita 340,000 na mwaka wa nane huu naitengeneza mwenyewe. Si kwamba nawadharau mafundi. Gari likifika umri huu kila wiki lina neno lake, na mwenye gari asiyeshika spana atahamia gereji. Nimeshabadilisha wota pampu, taiming belti, shokapu zote nne, bush za amu na beringi za mbele. Nina spana ya torki (ile inayopima nguvu ya kukaza nati), nina kitabu cha gari, na kila ninachofungua nakipiga picha kabla sijakigusa. Nayasema haya mapema kwa sababu utetezi wote wa muuzaji ni kwamba mimi sijui ninachofanya.

Mwezi uliopita nilinunua bol jointi mbili za chini, kushoto na kulia, yaani viungo vya kigololi vinavyounganisha upande wa tairi na amu, ule mkono wa chuma chini ya gari. Za zamani zilikuwa na mchezo: nikiinua gari na kuingiza mtaimbo chini ya tairi, tairi linapanda na kushuka. Nikafunga mpya Jumamosi moja, nikaenda kupima alaimenti Jumatatu. Baada ya wiki tatu na kama kilomita 1,400, upande wa kushoto ukaanza kugonga kila nikikata kona taratibu. Siku hiyo nilikuwa na watoto wawili siti ya nyuma.

Kwa asiyejua, bol jointi ya chini si kitu cha kusema utakivumilia hadi mwisho wa mwezi. Kwenye gari kama langu, springi inakaa kwenye amu ya chini, kwa hiyo uzito wa kona ile ya gari unapita kwenye kigololi kidogo kilichofungiwa ndani ya kikombe cha chuma. Kikichomoka, amu inaanguka, tairi linalala kwa nje, na usukani hauna kazi tena.

Nilipoishusha nikategemea kukuta kigololi kimelegea ndani ya kikombe. Hakikulegea. Kilicholegea ni shina, ule mguu wa kigololi unaoingia kwenye tundu la amu na kukazwa kwa nati. Mnajua shina la bol jointi limechongwa kama kabari ya duara, nene upande mmoja na jembamba upande wa pili, na tundu la amu limechongwa vivyo hivyo. Nguvu ya kushikilia haitoki kwenye nati peke yake. Inatoka kwenye kabari kubana ndani ya tundu kwa urefu wake wote. Shina la hii niliyouziwa lilikuwa na alama ya kung'aa kama pete, upana wa milimita tatu au nne hivi, upande mnene tu. Kwingine kote rangi ya kiwandani ilikuwa bado ipo. Maana yake kabari haikuwahi kugusa tundu, iligusa mdomo wake tu. Nikachukua bol jointi ya zamani, nikaipaka wino wa maka, nikaiingiza kwenye tundu lile lile na kuizungusha: wino ukafutika kuanzia juu hadi chini. Nikafanya hivyo hivyo kwa mpya, wino ukafutika kwenye ile pete tu. Tundu ni zima. Shina lina mchongo wa gari lingine.

Hapo ndipo nilipolirudia boksi. Stika ya nje ina pati namba sahihi, ile ile iliyo kwenye kitabu changu. Kona yake moja ilikuwa imeinuka kidogo. Nikaibandua. Chini yake kuna stika nyingine yenye namba nyingine, inatofautiana kwa tarakimu mbili. Yaani kuna mtu alikaa chini, akachapisha stika, akaibandika juu ya ile ya awali, akijua kabisa kilichomo ndani si kile kilichoandikwa. Hili wakuu siwezi kuliita kosa la kuchanganya mzigo stoo.

Nimerudi na vyote: boksi, stika mbili, bol jointi, picha. Jibu la kwanza: "Bosi, hizi zinaingiliana zote." Nikamwonyesha pete ya kung'aa. Jibu la pili: "Nani alikufungia?" Nikasema nimefunga mwenyewe. Uso ukabadilika hapo hapo. "Basi waranti haipo, sisi tunatambua fundi mwenye gereji." Nikamuuliza fundi mwenye gereji angebadilishaje mchongo wa shina kwa spana. Akamwita mteja mwingine.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba siku ya kununua nilimtahadharisha. Mashine yake ya kutafutia spea inataka namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba ya namna hiyo. Yana alama ya modeli, kistari, halafu namba ya mfululizo, fupi zaidi. Hilo si jambo la siri, kila anayeuza spea za magari haya anakutana nalo kila siku. Nilimpigia picha kibati cha kwenye injini, chenye alama ya modeli yote, na nikamwambia na mwezi wa kutengenezwa, kwa sababu gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na vipuri tofauti kabla na baada ya mabadiliko ya katikati ya mwaka. Hakuiangalia ile picha hata sekunde tano. Akauliza jina la gari na mwaka, akaenda rafuni.

Kuna kosa langu pia na nalisema wazi. Nilipokaza nati kwa torki ya kitabu, tundu la pini kwenye shina (pini inayozuia nati isijifungue) halikukaa pale lilipokaa kwenye ile ya zamani. Lilikuwa juu kidogo ya meno ya nati. Pini ikaingia kwa shida. Nikajiambia labda ni toleo jipya. Sikupaswa kufunga. Mwenye kuona tundu la pini limepanda au limeshuka kuliko kawaida asimame hapo hapo, avue, apime kwa wino. Mimi nimejifunza hilo nikiwa na watoto ndani ya gari. Lakini kosa langu ni la kutogundua udanganyifu. Hatuwezi kugawana lawama nusu kwa nusu na aliyebandika stika.

Na si bol jointi tu. Kwenye duka hilo hilo nilichukua themostati, ile vali inayofunguka maji ya injini yakipata moto, iliyogongwa 82, yaani ianze kufunguka kwenye nyuzi joto 82. Baada ya yale yaliyotokea niliitoa nikaichemsha kwenye sufuria pamoja na kipimajoto. Ilianza kufunguka karibu na 90, na maji yakichemka ilikuwa imeachia milimita tatu. Kitabu changu kinataka 8 au zaidi ikifika 95. Tena haina kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza cha kutolea hewa, kwa hiyo hata ukijaza maji ya radieta kwa uangalifu, hewa inabaki imejifungia kwenye injini. Kwa injini ya dizeli ya umri huu hiyo ni silinda hedi kupasuka au gasketi kuungua, na hapo tena ungeambiwa gari lako limechoka. Breki pedi nazo hazina kile kibati cha kupiga kelele zikiisha. Nimezitoa.

Ninachotaka ni hiki. Muuzaji aiweke bol jointi yake kwenye amu halisi ya gari la modeli yangu, mbele yangu, apake wino. Ikigusa kabari nzima, nitaomba radhi hadharani na nitafuta uzi. Asipotaka kufanya jaribio la dakika tano, basi anajua jibu. Na ile habari ya "waranti haipo ukifunga mwenyewe" aiandike kwenye risiti kabla ya kupokea hela, si baada ya mtu kurudi na kipande mkononi. Kwenye risiti yangu haipo, nimeisoma mbele na nyuma.

Jina la duka silitaji hapa, malalamiko rasmi nayaandika pembeni pamoja na picha. Ila naomba mwenye SUV ya miaka ya 1996 hadi 2002 aliyebadilisha bol jointi za chini miezi hii ya karibuni afanye mambo mawili leo: akague kona za stika ya boksi lake, na aangalie tundu la pini liko wapi kwenye nati. Ukikuta stika mbili, weka picha hapa pamoja na namba zote mbili.

Upande wangu wa kulia, ulionunuliwa siku ile ile, bado haujavuliwa. Gari liko juu ya stendi, matairi ya mbele yote mawili yameshavuliwa, na ile bol jointi ya kulia inatoka kesho asubuhi.