MJADALA: Anayechora ukuta wa haki za binadamu, alipwe au ajitolee?

Mwanzisha mada
Ndugu zangu wa Bagamoyo, salaam. Tunachora ukuta wa haki za binadamu huku Magomeni, uwe tayari ifikapo Desemba 10, siku ambayo mwaka 1948 Umoja wa Mataifa ulipitisha Tamko la Haki za Binadamu. Mimi ni mmoja wa waratibu. Jana tumevutana kikaoni: wachoraji walipwe, au wajitolee kama sisi wengine? Mimi nasema walipwe.

Juzi nilishinda na fundi mmoja kuanzia saa moja asubuhi. Ukuta wenyewe unatoa chumvi, si mnazijua kuta za pwani. Aliusugua kwa brashi ya waya hadi kope zikawa nyeupe kwa vumbi, akauosha, akangoja ukauke, ndipo akapiga rangi ya chini. Saa nane mchana alikuwa hajachora hata jicho moja. Simu ikaita, mkewe anauliza unga. Akanitazama, nikainamisha kichwa.

Na maneno tuliyompa ayaandike ni ya ibara ya 23 ya Katiba yetu, haki ya kila mtu kupata ujira unaolingana na kazi yake. Lile Tamko nalo linasema hivyo, tena ibara ya 23 vilevile. Mwenye duka la rangi tumemlipa. Aliyechapa fulana tumemlipa. Huyu je?

Dada wa Dunda
Kaka, nakuheshimu ila hapa sikuungi mkono. Mji huu una Chuo cha Sanaa tangu 1981, vijana wanaotafuta ukuta wa kujinoa hawakosekani. Ukimlipa mchoraji leo, kesho anayepika chai naye atadai. Halafu mtaani watasema mmekula hela za wafadhili, na picha hiyo hakuna atakayeilinda. Wazee wetu walijenga madarasa kwa nguvu zao, nani alisaini karatasi ya posho?

Mwanzisha mada
Dada, la wafadhili linaniuma, maana kweli watasema. Tutabandika hesabu hapo hapo ukutani, shilingi kwa shilingi. Lakini kuhusu posho, hapa ndipo misafara ya bara ilipokuwa ikiishia. Wapo walioletwa na minyororo, na hao ndio tunaowachora. Ila wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe, wengi wao walikuwa watu huru. Walipatana ujira kabla ya safari, na njiani walipewa posho. Wazee waliojenga darasa walirudi shambani kwao kula. Huyu fundi shamba lake ni brashi.

Mwenye ukuta
Wanangu, ukuta ni wangu. Mliniahidi kunionyesha mchoro kwanza, mpaka leo sijauona. Mnabishania fundi, nani kaniuliza kama nataka minyororo mbele ya mlango wangu, wajukuu wakiamka waione? Nichoreeni mwanamke ameshika hati ya kiwanja chake. Sheria ya Ardhi ya 1999 imetupa haki sawa na wanaume, na bado nilipofiwa shemeji zangu walitaka kunitoa humu.

Mwanzisha mada
Shikamoo mama. Tumekukosea, na mwenye kosa hili ni mimi. Kesho saa kumi jioni tunakuja na fundi, karatasi na penseli, tukae barazani mpaka mchoro uupende. Brashi haigusi ukuta kabla hujasema. Na siku hiyo ya fundi nailipa mimi mfukoni, huku kikao kikiendelea kubishana.